Sarafu ya Tundu Chini ya Sinki la Dada

Fundi bomba wa habari hii alikuwa na miaka sitini na miwili, magoti yanayolia kama bawaba kavu, na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona sarafu yenye tundu katikati, anaacha chochote alichokuwa akikifanya. Siku moja aliacha choo cha mwalimu mkuu kimefunguliwa nusu kwa sababu mwalimu mkuu alitoa funguo mfukoni, na kwenye pete ya funguo ilining'inia sarafu ya Denmark yenye vitaji vidogo vilivyozunguka tundu. Fundi akanawa mikono, akaomba aishike kidogo tu. Hiyo kidogo tu ikafika saa saba mchana, na mwalimu mkuu, mtu mzima na heshima zake, akalazimika kwenda kubisha hodi kwa jirani.

Ugonjwa wenyewe aliupata kazini. Chini ya kila nati huwekwa kipande cha chuma cha duara chenye tundu, ili nati ikae imara isilegee. Mafundi wanakiita washa. Sasa mafundi wa zamani wakiishiwa na washa hawakurudi dukani; walitia mkono mfukoni, wakachomoa sarafu yenye tundu, wakaikandamiza pale, maisha yakaendelea. Kwa hiyo Fundi, kila alipobomoa bafu la kizamani, alikuta nchi za watu zimejificha chini ya nati: Norwe nyuma ya beseni, Ubelgiji chini ya tangi, Ufaransa imebana bomba la mvua. Akawa anaweka washa mpya kabisa, anaondoka na sarafu kuukuu, na bado mwenye nyumba anamshukuru.

Nyumbani alizitunga kwenye waya, kila nchi na waya wake, akazitundika mlangoni mwa stoo. Mkewe alikuwa akipita pale na beseni la nguo anasema, "Hizi ndizo pazia za pesa zisizonunua hata kiberiti." Lakini akipita bila kuziyumbisha zilie, siku haijakamilika.

Kukusanya, hata hivyo, ni kazi ya mkono. Utamu ulikuwa kwenye kutafuta miaka. Wewe unayedhani kila sarafu husema umri wake wazi, pole sana. Ziko za Uchina zenye tundu la mraba ambazo hazina mwaka, zina jina la enzi ya mfalme tu, nawe shauri yako ujue alitawala lini. Iko ya Uhispania imeandikwa 1949 kwa tarakimu kubwa bila haya, na ni uongo. Pembeni ina vinyota viwili vidogo mno, na ndani ya nyota, ukiwa na kioo cha kukuzia na subira, ndimo ulimoandikwa mwaka wa kweli iliotoka kiwandani. Usiku ule alipokigundua kinyota hicho Fundi hakulala. Alimwamsha mkewe mara mbili aje aone nyota.

Na ziko za Japani. Hizi ndizo zilizommaliza. Ni za manjano, upande mmoja zina shuke la mpunga lililoinama, chini yake mistari ya maji, na kuzunguka tundu kuna meno ya gia. Shuke, maji na gia! Fundi bomba gani asingependa? Lakini kwenye sarafu nzima hakuna tarakimu hata moja ya kawaida, na miaka yenyewe inahesabiwa tangu mfalme alipoketi kitini. Akija mwingine, hesabu inaanza upya. Mhandisi wa Kijapani aliyekuja kufunga pampu za hospitali alimwandikia funguo za kusomea namba hizo nyuma ya karatasi ya pampu, naye Fundi akazitafsiri kwa lugha ya ufundi: kijiti kimoja cha kulala ni moja, vijiti viwili ni mbili, vitatu ni tatu. Nne ni dirisha lenye mapazia. Nane ni paa lililoachana juu. Kumi ni msalaba. Na zile za enzi ya mfalme wa zamani, iliyoitwa Showa, ukishasoma namba yake, jumlisha na 1925.

Mwaka mzima yeye alijumlisha na 1926. Kwa nini? Kwa sababu futi ya fundi huanzia sifuri, na maisha yake yote hakuwahi kupima kitu kinachoanzia moja. Mhandisi alipomweleza kwamba mwaka wa kwanza wa mfalme ni mwaka wa kwanza, si sifuri, Fundi alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaandika upya vikaratasi thelathini na saba, kila sarafu ikaongezewa mwaka mmoja wa uzee.

Basi huyo ndiye Fundi. Sasa njoo kwa Dada.

Dada alikuwa binti wa baba mdogo wa Fundi. Aliletwa kwa Babu akiwa mtoto wa kushikwa mkono, na baba yake, mfanyakazi wa melini, mtu asiyekumbuka hata alikoacha viatu vyake, akaondoka jioni hiyohiyo asirudi. Alimwachia nguo mbili na sarafu ya manjano shingoni, kwenye uzi. Babu akawalea pamoja, yeye na Fundi, kidole na pete. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo. Alipokuwa mkubwa karani akamwandikia tarehe mosi Januari 1960, siku ambayo makarani huwazalisha watu wote wasio na siku. Fundi alikuwa na kadi ya hospitali: Machi 1962. Kwa hiyo Dada akawa mkubwa kwa miaka miwili na ushee, na kila alipomwona kwa miaka hamsini na mitano Fundi alisema, "Shikamoo, Dada," naye akaitikia, "Marahaba," kwa sauti ya mtu anayepokea kilicho chake.

Shikamoo haikumkera. Kilichomkera ni kanuni ya Babu. Babu aliacha nyumba, aliacha kabati, na aliacha kanuni moja: "Mkubwa ndiye msemaji, wengine wote ni makofi." Kila penye shughuli ya ukoo, mkubwa husimama kusema kwa niaba ya wote. Na Dada alipenda kusema. Watu wa ukoo walimwita Spika. Harusi iliyopita alianza kusema keki ikiwa nzima, akamaliza krimu ikiwa imeteremka mpaka kwenye kitambaa cha meza.

Sasa binti wa pekee wa Fundi alikuwa anaolewa Jumamosi. Fundi alikuwa na hotuba. Aliianza siku binti alipozaliwa, miaka ishirini na sita iliyopita, akaiandika upya mara nne, na karatasi yake ilikaa mfuko wa shati, imekunjwa mara tatu, inanuka mafuta ya bomba. Jumatatu alijikaza kisabuni akaenda kuomba.

"Dada, safari hii, kwa kuwa ni binti yangu mwenyewe, nilikuwa nafikiri labda mimi…"

Dada hakuinua hata macho kwenye mboga. "Ukitaka kusema, mdogo wangu, ungezaliwa mapema."

Fundi akarudi nyumbani shingo upande, akakaa stoo, akashika waya wa Japani ajifariji. Akaizungusha sarafu moja, akatazama shuke la mpunga. Akaitazama tena. Halafu akapiga kelele iliyomfanya mkewe aangushe sufuria.

"Nini? Nyoka?"

"Sarafu ya Dada! Ile ya shingoni! Ilikuwa na shuke!"

"Sasa?"

"Sasa mwenyewe si ndiye husema baba yake alimvalisha siku aliyozaliwa, kabla hata ya nepi? Mara ngapi umemsikia?"

"Kila sikukuu," mkewe akasema.

"Mtu hawezi kuvalishwa sarafu ambayo haijatoka kiwandani! Sarafu ikiwa na mwaka fulani, mwenyewe amezaliwa mwaka huo au baada yake. Kabla yake, kamwe!" Alikuwa tayari anazunguka stoo, na waya zote zinalia kichwani mwake. "Ikiwa ni ya sitini na tatu, mke wangu, ikiwa ni ya sitini na tatu tu, mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu!"

"Iko wapi hiyo sarafu?"

Hapo Fundi akasimama. Maana alijua ilipo. Aliiweka yeye mwenyewe. Akiwa kijana wa miaka ishirini, fundi wa wiki tatu, aliingiza maji nyumbani kwa Babu, akafunga sinki ukutani jikoni, na boliti ya mwisho ikakosa washa. Sarafu ya Dada ndiyo iliyoingia pale. Miaka arobaini na miwili ilikuwa imeshikilia sinki lile bila kuyumba, na Dada ndiye aliyebaki kwenye nyumba hiyo, na sinki lile ndilo alilokuwa akilisifu kwa wageni kuliko watoto wake.

Alhamisi asubuhi Fundi alibisha hodi na mkoba wa kazi, uso mkavu kabisa.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mbona na mkoba? Nani kakuita?"

"Nimepita kukagua sinki. Jumamosi nyumba itajaa watu."

"Sinki hili halijawahi kulalamika. Wewe ndiye unayelalamika." Lakini akampisha, akavuta kiti akaketi katikati ya jiko, mikono kifuani, kama mwalimu wa zamu.

Fundi akaingia chini ya sinki chali. Aliiona nati. Nyuma ya nati, gizani, ukingo wa duara wa rangi ya dhahabu chafu. Akachomoa spana. Nati ilikuwa imekufa kwa kutu. Akaitia mafuta, akaibembeleza, akaitukana chinichini, akaining'inia. Mwanafunzi yeyote wa wiki tatu angemwambia: kabla hujafungua boliti ya sinki, funga maji kwanza, na weka kitu cha kulishikilia sinki. Yeye mwenyewe ameshawafokea wanafunzi kwa hilo mara mia. Lakini siku hiyo hakuwa fundi, alikuwa mtu anayetafuta umri wake.

Nati ikalia kwii, ikazunguka. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Sinki likainama polepole, kwa adabu, kama mzee anayeketi. Halafu likaanguka lote.

Bomba likakatika. Maji yakaruka mpaka kwenye dari, yakagonga taa, yakarudi chini yakamkuta Dada kitini kwake. Fundi akatoka chini ya sinki kwa magoti, ameloa chapachapa, anapiga mayowe, na mayowe yenyewe hayakuwa ya msaada.

"Sarafu! Sarafu imedondoka! Usikanyage, Dada, usikanyage!"

"Bomba, wewe mwendawazimu! Bomba!" Dada akaziba bomba kwa viganja viwili, na maji yakatafuta njia pembeni, yakampiga usoni kulia na kushoto. "Nenda kafunge koki ya nje!"

"Nakwenda, lakini usikanyage!"

Akakimbia, akateleza, akaanguka, akaamka, akaifunga koki ya nje. Aliporudi jiko lilikuwa limetulia. Dada amesimama katikati ya maji ya kufunika vifundo, kilemba kimemshuka shingoni, na kope zinadondosha matone. Halafu kwenye kona, karibu na kabati, kitu kikang'aa kidogo chini ya maji, na wote wawili wakakiona kwa wakati mmoja.

Fundi alipiga magoti kwanza. Akaiokota. Ilikuwa na utando wa kijani na kovu la nati upande mzima, lakini ilikuwa yenyewe. Akaibusu.

Dada akazungumza taratibu, jambo la hatari zaidi kuliko kufoka. "Umenibomolea jiko, siku mbili kabla ya harusi, kwa ajili ya senti yenye tundu?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Fundi alikuwa ameshaoga kabisa. Akamwambia yote. Shuke, mfalme, vijiti, 1925. Akamwambia kuhusu hotuba. Alipomaliza alikuwa anahema, na hakuthubutu kuinua uso.

Dada bega moja likaanza kumtikisika, la pili likafuata, na kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha tumbo ambacho Fundi hakuwa amekisikia tangu wote wawili wakiwa na meno ya utotoni. "Mungu wangu," akasema, akishika meza. "Mtu mzima na mvi zake! Haya, baba. Isome. Nami nataka kujua nina miaka mingapi. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Akamletea limau mwenyewe, na mswaki wa zamani. Fundi akaketi mezani, suruali inadondosha maji, akakata limau, akaanza kusugua polepole upande wenye mwaka. Povu la kijani likatoka. Dada akavuta kiti karibu mpaka mabega yakagusana. Kwanza likatokea jina la mfalme. "Showa!" Fundi akapaza sauti. Kisha mwishoni likatokea paa lililoachana juu.

"Nane," akasema. "Inaishia na nane."

Kisha msalaba. "Kumi!" Na kabla ya msalaba, pale pale nati ilipokuwa imekandamiza kwa miaka arobaini na miwili, palikuwa na kovu, na ndani ya kovu, vijiti.

"Ndiyo hapa," Fundi akanong'ona. "Vikiwa viwili ni ishirini na nane, ni sarafu ya elfu moja mia tisa hamsini na tatu. Hapo haithibitishi kitu, unabaki Dada wangu mkubwa na mimi najenga jiko upya nimenyamaza. Vikiwa vitatu…"

"Vikiwa vitatu?"

"Thelathini na nane. Sitini na tatu."

"Umejumlisha vizuri? Nakujua wewe na futi yako."

"Na ishirini na tano! Nimejumlisha na ishirini na tano!"

Akasugua. Kikatokea kijiti cha juu, kimenyooka vizuri. Akasugua. Kikatokea cha chini, kirefu zaidi. Katikati palikuwa na uchafu mweusi mgumu. Fundi akaweka mswaki mezani.

"Lete," Dada akasema, akauchukua mswaki, akasugua mwenyewe kwa nguvu za mtu aliyesugua masufuria maisha yake yote. Akasuuza kwenye dimbwi lililokuwa mezani, akaigeuzia dirishani. Alikuwa wa kwanza kuona.

"Vitatu," akasema.

Fundi akaruka. Mzee wa magoti mabovu akaruka, maji yakatapakaa, akazunguka meza mara mbili, akagonga kichwa kwenye mlango wa kabati, akaomba radhi kabati. "Mimi ndiye mkubwa! Mimi ndiye mkubwa! Miaka hamsini na mitano natoa shikamoo kwa mdogo wangu!" Dada naye alikuwa amekaa, anacheka na kujipangusa uso kwa kilemba, na anahesabu kwa vidole. "Sitini na moja!" akasema. "Haizidi sitini na moja! Wameniongezea miaka mitatu hao! Nami nilivyokuwa nahisi mgongo unauma ovyo!"

Walipochoka, Fundi naye akaketi. Kisha Dada akasema, kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu, "Lakini wewe unakumbuka nani alisema mimi ndiye mkubwa?"

"Karani."

"Karani alikuja baadaye. Siku niliyoletwa, Babu alitusimamisha hapa mlangoni, mimi na wewe. Nilikuzidi urefu kwa vidole vinne. Babu akauliza, 'Mkubwa nani? Maana mkubwa ndiye atakayechota maji asubuhi.' Na ndoo ilikuwa imewekwa pale, ile kubwa ya bati. Wewe ukaitazama ile ndoo. Halafu ukanyoosha kidole." Akanyoosha kidole kwenye kifua chake mwenyewe. "Hivi. Hukusema hata neno."

Fundi aliiona ndoo. Aliuona mpini wake wa waya uliofungwa kitambaa, na mtoto mgeni mwembamba mwenye sarafu shingoni akiutazama. Alikuwa na miaka saba, alijua vizuri sana umri wake, na maji ya asubuhi yalikuwa baridi.

"Miaka kumi na mitatu," Dada akasema. "Kila alfajiri. Mkubwa ni jalala, bwana. Nikasema basi, kama ndoo ni yangu, na kusema kutakuwa kwangu." Akaigeuza sarafu. "Halafu ukajifunza ufundi, kazi yako ya kwanza ukaniletea maji hapa ndani. Ukakosa washa. Nikaivua hii nikakupa, maana nilikuwa nataka lile bomba lifungwe siku ileile, si kesho."

Fundi alitaka kusema jambo. Alitoa karatasi ya hotuba mfukoni, pengine atafute humo. Ilikuwa imekuwa uji wa karatasi, wino wote umeyeyuka ukawa wingu moja la bluu.

Dada akasimama, akapiga goti kidogo, akainamisha kichwa. Hakuwa anatania, ingawa macho yalikuwa yanacheka. "Shikamoo, Kaka."

Miaka hamsini na mitano alikuwa ameisubiri salamu hiyo bila kujua. Akavuta pumzi aiitikie kwa sauti ya mkubwa. Ilitoka nyembamba, ikakatika katikati. "Mara…haba," akasema, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko, asijue lipi la lipi.

"Vizuri," Dada akasema, akainuka. "Sasa nyumba haina maji, na watu wa harusi wanaanza kufika leo mchana." Akaingia stoo, akatoka na ndoo mbili. "Mkubwa ndiye mchotaji."

Siku hiyo watu wa mtaa waliliona jambo. Fundi bomba, aliyewaingizia maji nusu ya mtaa, alipita kwenye bomba la uwanjani na ndoo mkono huu na ndoo mkono ule, ameloa kuanzia kichwani, anachechemea na kucheka peke yake. Kila aliyemuuliza kulikoni alijibiwa, "Mimi ndiye mkubwa!" Alikwenda safari kumi na moja. Ijumaa alifunga sinki, na kwenye boliti akaweka washa mpya ya chuma, ya dukani.

Jumamosi ukafika wakati wa kusema. Fundi akasimama. Suti ilimbana, viganja vilikuwa na malengelenge ya mpini wa ndoo, na mfukoni hamkuwa na karatasi. Akamtazama binti yake, mzuri mpaka inauma. Hotuba ya miaka ishirini na sita, ya kurasa mbili, ilikuwa imeondoka na maji kabisa. Akageuka akamtazama Dada kwa macho ya kuomba msaada, naye Dada akatazama dari.

"Binti yangu," Fundi akasema. "Mume wako akikwambia yeye ndiye mkubwa wa nyumba, mpe ndoo. Akiibeba, kaa naye." Watu wakaangua kicheko. Akasubiri kitulie. "Mimi nilimwachia ndoo mdogo wangu. Huyu hapa. Alinibebea maji miaka kumi na mitatu, na mpaka leo sikuwahi kusema asante. Asante, mdogo wangu."

Akaketi. Haikumaliza dakika moja. Keki ilikuwa nzima, krimu imesimama, na ukumbi mzima ukapiga makofi ya watu waliopata msamaha wasioutegemea.

Makofi yalipokuwa bado yanaendelea, Dada akasimama. Shingoni, juu ya gauni la hariri, alikuwa amevaa uzi mpya mweusi, na kwenye uzi sarafu ya manjano iliyosuguliwa mpaka vijiti vyote vitatu vinaonekana kutoka safu ya nyuma. Akapangusa macho, akanyoosha mkono kwa adabu kubwa kuelekea kwenye kipaza sauti.

"Kwa ruhusa ya kaka yangu mkubwa," akasema, "naomba kuongeza neno moja tu."

Mwenye kuhudumia keki akaibeba akakimbilia jokofu, na Fundi akasogeza kiti chake mbele amsikie vizuri.